Jeraha la uwanjani: namna ya kulitambua, na siku linazodai

Wachezaji wananiita Dokta. Mimi si daktari. Nilikuwa beki wa kulia, nikateguka enka ya kushoto nikiwa na miaka 19, nikakaa nje siku kumi, maumivu yakaisha, nikarudi. Kipindi cha kwanza sikukimaliza. Mguu ulipinda palepale bila mtu kunigusa, na mpaka leo nikishuka ngazi gizani hupapasa kwanza kwa unyayo kabla sijaukabidhi mguu ule uzito wangu.

Baadaye nikasomea huduma ya kwanza, nikawaganda wataalamu wa tiba ya viungo kwa maswali, na huu ni mwaka wa 14 niko pembeni ya uwanja na begi langu: bandeji za kuvutika, mkasi, glavu, barafu, kitambaa cha pembetatu, na kalamu ya wino mzito. Kalamu ndiyo ninayoitumia kuliko vyote. Kila ninayemfunga bandeji, naandika juu yake tarehe, saa, na neno moja: msuli, kano, ligamenti au mfupa. Naandika kwa sababu tishu hizo haziponi kwa mwendo mmoja, na karibu zote huacha kuuma kabla hazijapona. Mchezaji atakuja kuniambia haumwi tena. Nami nitamsomea tarehe.

Ukisema "mshipa" hujasema kitu

Kiswahili kina maneno mengi, lakini hapa tumelibebesha neno moja mzigo wa manne. Mshipa wa damu ni mshipa. Neva nayo ni mshipa, mshipa wa fahamu. Msuli ukikaza tunasema mshipa umepanda, na kano ikiuma tunasema mshipa umevutika. "Kuteguka" nako ni hivyo hivyo: enka iliyopinda imeteguka, na bega lililochomoka mahali pake nalo limeteguka, ilhali hayo ni mambo mawili tofauti. Barazani haidhuru. Uwanjani inadhuru, kwa sababu anayesema mshipa atatibu mshipa.

Basi tugawe. Msuli ni nyama inayojikunja na kukunjuka. Kano ndiyo inayoufunga msuli kwenye mfupa: bana nyuma ya kisigino chako kwa vidole viwili, ile kamba nene unayoishika ni kano ya Akile. Ligamenti inafunga mfupa kwa mfupa na kukizuia kiungo kisipinde kusikotakiwa. Gegedu ni lile tabaka jeupe linaloteleza kwenye ncha za mifupa, na ndani ya kila goti mna vipande viwili vya ziada vyenye umbo la mwezi mwandamo, viitwavyo meniski, vinavyopunguza mshindo.

Kichwa kwanza

Aliyegongwa kichwa hana haja ya kuzimia ndipo uamini kuwa ubongo umetikisika. Anayekuuliza matokeo mara mbili ndani ya dakika moja, anayeyumba akisimama, aliyekodoa macho kama hakuoni, anatoka na harudi siku hiyo hata akiapa. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akishikwa na degedege, akilemewa na usingizi usio wa kawaida, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali sasa hivi. Shingo ikiuma au mikono ikifa ganzi, asisogezwe mpaka wajao na machela wafike. Hapo sina mjadala na kocha wala na mzazi.

Uliza kabla hujagusa

Kwa majeraha mengine, mkono wangu haugusi kitu mpaka nimeuliza. Ilikuwaje? Ulisikia nini? Uvimbe umeanza lini? Unaweza kukanyaga?

"Ilikuwaje" peke yake hujibu nusu. Msuli huchanika wenyewe mtu akiwa kasi: anafukuzia mpira, anapiga shuti, mara anashika nyuma ya paja kama aliyechomwa mwiba. Ligamenti huchanika kiungo kinapopindishwa, kwa kawaida unyayo ukigeukia ndani na mwili ukianguka kwa nje. Kupigwa pajani kwa goti la mwenzako ni msuli uliopondwa, na damu huvilia ndani. Kano inayokusumbua kwa wiki nyingi mara nyingi haina siku ya kuzaliwa. "Imeanza tu, Dokta." Asubuhi inakakamaa, ukipasha mwili inalegea, ukimaliza mazoezi inarudi na hasira. Hiyo ni kano iliyolemewa, na chanzo chake mara nyingi ni mazoezi yaliyoongezwa ghafla.

Swali la uvimbe ndilo ninalolipenda, hasa kwa goti. Winga wetu mmoja, binti mwepesi sana, alikanyaga ili abadili upande. Hakuna mtu karibu naye. Akakaa chini. "Dokta, kitu kimealika ndani." Baada ya dakika tano akasimama, akatembea vizuri tu, akaomba arudi. Nilimkatalia, nikamkalisha kwenye benchi mguu ukiwa umenyooka, nikawa namtazama goti kuliko ninavyotazama mechi. Ukiwa umenyoosha mguu utaona vibonde viwili pembeni mwa pia ya goti, kimoja kila upande. Vya kwake vilijaa kabla kipenga cha mwisho hakijalia. Goti likawa duara kama chungu. Goti linalovimba ndani ya saa mbili kwa kawaida lina damu ndani, na damu ndani ya goti baada ya kitu kualika mara nyingi maana yake ligamenti ya msalaba ya mbele, ile iliyo katikati ya goti, imechanika. Picha zilithibitisha hivyo. Kutembea kwake hakukuwa ushahidi wa kitu, kwa kuwa ligamenti ile kazi yake kubwa haiko kwenye kutembea mbele. Iko kwenye kugeuka na kusimama ghafla.

Goti linalolala zima na kuamka limevimba, linalouma kwenye mstari wa maungio na wakati mwingine likagoma kunyooka kama mlango uliokwamishwa na kijiti, hilo ni la kushuku meniski.

Vidole vyangu kwenye enka

Enka ndiyo jeraha ninalolikuta kuliko yote, na ndilo linalowachanganya wengi: imevunjika au imeteguka? Madaktari wa Ottawa, Canada, walitengeneza kanuni ya hilo mwaka 1992, nyepesi kiasi kwamba inakaa kichwani. Naieleza ninavyoifanya.

Sianzii panapouma. Naanza juu, katikati ya ugoko, nashuka polepole ili mchezaji azoee mkono wangu. Nikikaribia enka, nabonyeza mfupa wenyewe, siyo nyama: ukingo wa nyuma na ncha ya ile nundu ya nje, sentimita 6 za mwisho, kisha nundu ya ndani vivyo hivyo. Halafu naenda sehemu mbili za unyayo: mfupa unaochomoza katikati ya ukingo wa nje, nyuma ya kidole kidogo, na mfupa ulio juu ya upinde wa ndani, mbele kidogo ya enka. Mwisho namwambia apige hatua nne. Kuchechemea kunaruhusiwa, kushindwa kuuwekea mguu uzito ndiko ninakokutafuta. Mfupa ukiuma kwenye mojawapo ya sehemu hizo, au hatua nne zikishindikana pale uwanjani na baadaye tena, aende kupigwa eksirei. Vyote viwili vikiwa salama, kuna uwezekano mdogo sana wa kuvunjika. Kwa watoto sijiamini hivyo. Mifupa yao bado ina sehemu laini za kukulia zinazoumia kirahisi, kwa hiyo nawapeleka mapema zaidi.

Enka iliyoteguka kawaida huuma mbele na chini kidogo ya nundu ya nje, kwenye nyama laini. Hapo ndipo ilipo ligamenti inayotangulia kuchanika. Ukubwa wa uvimbe usikutishe wala usikufariji. Nimeona enka kama embe zilizopona vizuri, na nyembamba zilizokuwa na ufa.

Mengine nayapitia haraka. Nyama za paja zikiwa zimechanika kidogo, mchezaji anatembea ila hawezi kukimbia. Zikichanika zaidi, anachechemea na ukipapasa anaruka. Zikikatika kabisa, unaweza kupata shimo kwa vidole. Usishangae damu iliyovilia ikijitokeza nyuma ya goti siku ya tatu wakati aliumia juu. Inashuka tu. Kwa kano ya Akile, wengi hugeuka kumtafuta aliyewapiga teke na hawamwoni. Mlaze kifudifudi, unyayo ukining'inia nje ya benchi, mbinye kigimbi: unyayo usipojisogeza, kano imekatika. Mlinganishe na mguu mzima. Bega lililochomoka usilirudishe mwenyewe hata kama umeona kwenye video; lifunge na kitambaa lilivyo, angalia kama vidole vina hisia na joto, mpeleke.

Na ugoko wa mkimbiaji: mwambie akuonyeshe panapouma. Akipitisha kiganja kizima kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, ni mlemeo wa kawaida, apunguze mwendo. Akiweka ncha ya kidole kimoja mahali pamoja, na hasa kama panauma hata usiku akiwa amelala, shuku ufa wa uchovu kwenye mfupa. Eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo inaweza kuwa safi kabisa huku ufa upo, kwa hiyo picha safi isikuzubaishe.

Kinachoendelea chini ya bandeji

Tishu ikichanika, damu huingia kwenye pengo na kuganda ndani ya dakika chache. Kisha panawaka moto: pekundu, pamevimba, panauma. Watu huuchukia uvimbe huu kama adui, kumbe ndio wafagiaji. Chembe nyeupe za damu za kwanza hufika ndani ya saa chache, nyuma yao huja kubwa zaidi zinazokula mabaki na kuita wajenzi. Siku ya kwanza hadi ya tatu ndipo kazi hii inapokuwa kali, ingawa inaweza kufika wiki. Ukiuzima uvimbe wote, umewafukuza wafagiaji kabla ya wajenzi kufika.

Kuanzia siku ya tatu hivi, nyuzi za kolajeni, protini inayoshikilia tishu, huanza kufumwa, na kazi hiyo huendelea kwa wiki kadhaa. Nyuzi za mwanzo ni nyembamba, na zinakaa ovyo kama nywele zilizoamka bila kuchanwa. Hapa ndipo ulipokuwa mtego ulioninasa nikiwa na miaka 19. Siku ya kumi pengo limezibwa, uvimbe umeshuka, hakuna kinachouma, na kilichomo ndani ni nywele timtim. Baadaye hufuata miezi ya kubadilisha: nyuzi dhaifu zinaondolewa, nene zinawekwa, na zote zinaelekezwa upande mzigo unakotoka. Kitana chake ndicho huo mzigo. Ukilala tu, zinabaki timtim. Ukizivuta kupita kiasi, zinakatika. Ukizivuta kidogo kidogo kila siku, zinajipanga.

Sasa kila tishu na kalenda yake. Msuli una damu tele na chembe za akiba za kujijenga upya, kwa hiyo ndio mwepesi: mchaniko mdogo wiki moja hadi tatu, wa kati mwezi hadi miwili, mkubwa miezi mitatu na zaidi. Mfupa huwashangaza watu, maana ndio pekee kati ya hizi unaoweza kupona bila kovu. Wiki mbili tatu za kwanza unajiunga kwa gegedu laini, kisha gegedu hilo linageuka mfupa. Mkono huchukua kama wiki 6, mfupa mkubwa wa ugoko wiki 12 au zaidi. Daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaoubeba. Wavutaji sigara mifupa yao huchelewa kuunga, na nikiwaambia hivyo hunitazama kama nawaonea.

Ligamenti ya enka inaweza kukuruhusu kukimbia baada ya wiki chache, lakini kukaza kwake huendelea kwa miezi, hata mwaka, na haiwi tena kama ile ya mwanzo. Ya msalaba ndani ya goti ina balaa lake: inaelea kwenye majimaji ya kiungo, damu haigandi vizuri kuziba pengo, na mara nyingi ncha mbili hazikutani. Ndiyo maana wengi hufanyiwa upasuaji na kuambiwa wasubiri miezi 9 na kuendelea. Meniski ina damu kwenye ukingo wake wa nje tu. Ukichanika ukingo huo kuna matumaini, ikichanika ndani ni vigumu. Gegedu la ncha za mifupa halina damu wala neva. Hulishwa na majimaji ya kiungo yanayokamuliwa ukitembea, na likimomonyoka halirudi lilivyokuwa. Neva iliyoumia ikiota tena huenda kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo ganzi ya kidole inaweza kutokana na jeraha la kiwiko na bado ikaondoka, ila kwa miezi.

Kano nimeiacha mwisho makusudi. Ina damu kidogo, hujengwa taratibu, na wachezaji huidharau kwa sababu haivimbi sana. Wanaokumbuka Ronaldo wa Brazil wanajua. Novemba 1999 kano iliyo chini ya pia ya goti lake ilichanika, akafanyiwa upasuaji. Aprili 2000, miezi mitano baadaye, akaingia uwanjani dhidi ya Lazio, akakimbia na mpira dakika chache tu, akajaribu kumhadaa beki, goti likamwangusha bila kuguswa. Safari hii kano ilikatika kabisa. Alirudi, na mwaka 2002 akafunga mabao 8 kwenye Kombe la Dunia. Lakini hesabu mwenyewe ilichukua muda gani tangu kukatika kule hadi mabao yale.

Siku tatu za mwanzo

Fomula ya barafu na mapumziko iliandikwa mwaka 1978 na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe akakiri kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona. Mimi barafu bado ninayo begini, kwa kazi moja: kutuliza maumivu. Dakika 10 hadi 15, na kitambaa katikati, isiguse ngozi tupu. Kinachosaidia zaidi ni bandeji iliyobana bila kufisha ganzi (bonyeza kucha, iwe nyeupe, ihesabu kama inarudi rangi ndani ya sekunde mbili) na mguu ulioinuliwa juu ya usawa wa moyo. Vidonge vya kupunguza uvimbe sitoi. Hayo ni ya daktari au mfamasia.

Usichue. Najua kuna kila mtu mwenye mikono ya kuchua, na mkono ukienda mbali, kwenye mgongo uliochoka, unasaidia. Lakini msuli uliopondwa jana una damu ndani, na kuukanda kwa nguvu au kwa maji moto kunaongeza kuvuja. Nilikuwa na mchezaji mmoja wa kiungo aliyepigwa pajani kwa goti, akachuliwa kwa nguvu usiku uleule na siku nne zilizofuata. Wiki ya tano goti lake lilikuwa halikunji kupita nusu, na ukigusa paja unakuta kitu kigumu kama ubao. Eksirei ilionyesha mfupa umeota ndani ya nyama. Pondo la paja linaweza kufanya hivyo hata bila kuchuliwa, lakini kuchua kunaongeza hatari. Ilimchukua karibu msimu mzima.

Baada ya siku mbili tatu, anza kusogeza. Kwa enka, chora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A hadi Z, mara tatu kwa siku. Maumivu kidogo yanaruhusiwa. Yakiamka makali zaidi kesho yake, ulizidisha, punguza.

Kurudi

Sikubali "niko fiti". Nataka mguu mzima na ulioumia vifanye kitu kilekile mbele ya macho yangu: kuinuka kwa vidole vya mguu mara 25 upande mmoja, kuruka mbele kwa mguu mmoja na kutua bila kuyumba, kukimbia zigizaga, kusimama ghafla. Aliyewahi kuumia mahali ndiye mwenye hatari kubwa ya kuumia tena palepale, na kwa enka dawa yake ni mazoezi ya mizani, kusimama kwa mguu mmoja kila siku, hata ukipiga mswaki.

Juma lililopita beki wangu wa kulia, nafasi yangu ya zamani, alikuja na bandeji niliyomfunga bado ameikunja mfukoni. Ligamenti, siku ya 24. Haumwi, amepita zigizaga, ameruka vizuri. Nikamwambia asimame kwa mguu ule, mikono kifuani, halafu afumbe macho. Mguu mzima ulikuwa umekaa nusu dakika bila tabu. Huu ulianza kutetemeka sekunde ya sita, ya tisa akaweka mguu chini na kucheka. Nikatoa kalamu, nikaandika 9 chini ya tarehe, akaenda kukaa benchi.